Majengo matupu ya Tanga mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi: mengine barazani Ngamiani, mengine kwenye ofisi za mtaa, na mengi kwa simu kutoka kwa watoto wa Tanga waliohamia Dar es Salaam au Arusha, wakaachiwa nyumba wasiyojua waifanyeje. Mimi ni fundi wa nyumba za zamani. Kazi niliianza kwa kumbebea marehemu baba ndoo za chokaa, na mpaka leo kila nikipita barabara za karibu na bandari nahesabu madirisha yaliyofungwa. Nimeyaandika majibu mahali pamoja ili anayehitaji ayapate bila kunisubiri.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini katikati ya Tanga kuna majengo mengi matupu?

Anza na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kuelekea Usambara, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mji wa pwani tunaouona leo, yaani maofisi ya makampuni, magodauni, benki, maduka yenye makazi juu, ulijengwa kuhudumia singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizoshuka kwa treni na kupakiwa melini. Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge. Baadaye kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 na mengine yakakosa matunzo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tumebakiwa na tani 20,000 hivi. Ofisi ya kuhesabu marobota haina kazi kama marobota hayapo.

Viwanda navyo vikafuata njia hiyo. Kiwanda cha mbolea, kilichoajiri watu wengi wa mji huu, kilianza 1972 na kufungwa 1991. Mtu akikosa kazi hanunui dukani, na mwenye duka asiyeuza hahangaiki na ghorofa ya juu inayovuja.

Sababu ya tatu ni umiliki. Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa hiyo nimeipa sehemu yake (maswali ya 5 hadi 9).

2. Mbona watu wanaongezeka? Mji unaokua unakuwaje na majengo matupu?

Ni kweli wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika Jiji la Tanga, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 393,000. Lakini tembea uone wanapojenga: Kange, Pongwe, na kuendelea. Mji unanenepa pembeni huku katikati panakonda.

Ndiyo maana sipendi tunapofananishwa moja kwa moja na Detroit ya Marekani. Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950, na mwaka 2020 walibaki 639,000 hivi. Wao wana nyumba na hawana mtu wa kuikaa. Sisi tunaye kijana anayefyatua tofali Kange, akivuta umeme na maji kwa gharama yake, wakati ghorofa la babu yake jirani na mnara wa saa lina umeme, maji na lami mlangoni, na halina mtu. Tatizo letu ni jepesi kuliko lao, ila tusilichezee.

3. Jengo tupu na gofu vina tofauti?

Vina tofauti, na ni kubwa. Gofu halina paa. Jengo tupu lina paa, hata kama linavuja. Kati ya hayo mawili pana masika mawili au matatu tu.

Katikati ya Tanga majengo yaliyo tupu kabisa ni machache kuliko yaliyo nusu tupu: chini fremu zinauza vitenge na vipuri vya baiskeli, juu madirisha yamepigwa misumari. Ukiuliza, unaambiwa ngazi imeoza. Mara nyingi ngazi ndiyo ugonjwa wote.

4. Si tusubiri bandari na bomba la mafuta vilete wawekezaji?

Bandari imekwisha kubadilika. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari. Sasa gati zimechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13 na meli inafunga ukutani. Na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Nafurahi kwa yote mawili.

Ila bati lililotoboka halisubiri. Na mwekezaji akija, akute jengo lina watu, kodi inaingia na karatasi zimekamilika, mtazungumza naye kama wenye mali. Akikuta gofu, atanunua kiwanja.

## Mwenyewe ni nani?

5. Nimeona jengo limefungwa. Nitajuaje mwenye nalo?

Anza kwa mtu anayekaa jirani, kisha mtendaji wa mtaa. Wazee wa baraza wanajua zaidi ya faili. Baada ya hapo nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja na kitalu, ufanye upekuzi rasmi kwa ada inayotajwa hapo. Majibu yatakuonyesha jina lililoandikishwa, muda wa hati uliobaki (hati nyingi ni za miaka 33, 66 au 99) na kama kuna mkopo juu yake.

Usitoe hata shilingi kwa dalali kabla ya upekuzi. Nimeona familia mbili zikilipia ghorofa moja kwa madalali wawili tofauti, na aliyeandikishwa hakuwa anamfahamu yeyote kati yao.

Kwa Tanga mjini majibu huwa ya aina nne: Shirika la Nyumba la Taifa, taasisi ya umma (reli, bandari, halmashauri), wakfu, au marehemu. Marehemu ndio wengi.

6. Jengo lilichukuliwa na serikali mwaka 1971. Wajukuu wa mwenyewe wanaweza kulidai?

Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971 iliipa serikali uwezo wa kuchukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo wenyewe hawakuzikaa bali walizipangisha. Zilikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi zilizojenga mitaa yetu ya katikati zilipoteza nyumba wakati huo, na nyingi zikaondoka Tanga. Wapo wenzetu wanaolikumbuka hilo kwa uchungu mpaka leo, nami siwashangai.

Kisheria, jengo ni la shirika mpaka mahakama au serikali iseme vinginevyo. Familia yenye madai iende kwa wakili. Anayetaka kulitumia leo, barua yake iende ofisi ya shirika ya mkoa. Usiingie kwa kumpa mpangaji wa zamani kilemba, yaani fedha ya kukuachia nafasi yake: ukishalipa kilemba bila jina lako kuwa kwenye mkataba, siku ya kutolewa huna pa kusimama.

7. Baba yetu alituachia ghorofa. Tuko ndugu kumi na mmoja, hatuelewani, na jengo linaanguka. Tufanye nini?

Hili naulizwa kuliko lolote. Kwanza, teueni msimamizi wa mirathi na mumpeleke mahakamani athibitishwe. Kwa marehemu aliyefuata sheria ya Kiislamu au mila, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Kuna familia zilizokaa miaka ishirini zikigombana juu ya nani auziwe, na hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kusaini. Bila msimamizi hampati kibali wala mkopo, na hamwezi kumpa mpangaji mkataba wa maana.

Pili, tenganisheni mambo mawili ambayo ndugu huyachanganya: mgawanyo na matunzo. Mgawanyo unaweza kuchukua muda. Matunzo hayangoji. Andikianeni karatasi fupi mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba kodi ya fremu za chini, kwa miaka miwili, itaingia kwenye akaunti moja na itatumika kwa paa tu. Sijakutana na ndugu aliyekataa hilo akielezwa kwa utulivu. Wanachokataa ni mmoja wao kukusanya kodi peke yake na kusema ni ya matengenezo.

Tatu, wahusisheni dada zenu. Mara nyingi nyumba inaharibika kwa sababu mabinti walioolewa mbali hawakuulizwa, nao wakaweka pingamizi kwa haki kabisa. Dada aliyeko Muscat akipigiwa simu mapema, huyo huyo ndiye hutuma fedha za mabati.

Kama mmeshindwa kabisa, msimamizi anaweza kuomba mahakama iruhusu kuuza na kugawana fedha. Afadhali kuuza jengo lililosimama.

8. Nyumba ni ya wakfu. Inaruhusiwa kubadilishiwa matumizi?

Wakfu hauuzwi wala haurithiwi, lakini hupangishwa, na mapato yake yaende kwenye nia ya aliyeweka wakfu: msikiti, madrasa, mayatima, au kizazi chake kama alivyotaja. Tafuta maandishi ya wakfu kwanza. Ikiwa nia ni kuendesha madrasa, hakuna ubaya chini pakiwa na maduka na juu wanafunzi, mradi hesabu ziwe wazi na biashara yenyewe isipingane na wakfu. Ongea na msimamizi wa wakfu pamoja na wanazuoni wa hapo, si mmoja bila mwingine.

9. Mimi si raia. Naweza kununua?

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliosajiliwa kwa mujibu wa sheria za uwekezaji. Unaweza kupanga. Kuandikisha kwa jina la rafiki raia ni kujitafutia kesi.

## Jengo lenyewe

10. Nina fedha kidogo tu. Nianzie wapi?

Paa. Kisha mifereji ya maji ya mvua. Kisha ng'oa miche inayoota ukutani, hasa ya jamii ya mkuyu, kabla mizizi haijapasua jiwe. Usiikate juujuu, itoe na mzizi wake. Halafu fungua madirisha ili upepo wa bahari upite.

Rangi iwe ya mwisho. Naelewa hamu ya kupaka rangi mbele ili majirani waone kazi inaendelea, lakini rangi juu ya ukuta unaolowa ni fedha iliyotupwa baharini.

11. Tulipiga lipu ya saruji mwaka jana, mwaka huu imebanduka. Fundi alituibia?

Huenda hakuwaibia. Huenda alipiga lipu nzuri kwenye ukuta usiotaka lipu ya aina hiyo.

Nyumba za zamani za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Linanyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo umebeba chumvi. Chokaa inauacha upite na ukauke kwenye hewa. Saruji inauziba. Maji yakikosa njia, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba na kuisukuma, na siku ikidondoka inaondoka na uso wa jiwe lenyewe.

Nyumba ya bibi yangu Ngamiani ilitengenezwa hivyo nikiwa kijana. Mkandarasi aliyepewa kazi alikuja na saruji nzuri, mchanga mzuri, na akakabidhi ukuta laini kama kioo. Tulimshangilia. Baada ya masika mawili chumba cha bibi kilinuka ukungu, na ya tatu lipu ikaanguka usiku pembeni ya kitanda chake. Baba alitumia mwaka mzima kubandua ile saruji kwa patasi, kidogo kidogo, na kurudishia chokaa. Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii.

Chokaa inachomwa hapa hapa Tanga, upande wa Amboni. Iloweshe, uiache ikae wiki kadhaa kwenye pipa au shimo ikiwa imefunikwa na maji, ndipo uichanganye na mchanga uliooshwa chumvi. Piga tabaka nyembamba, na ulinde ukuta na jua kali kwa magunia mabichi. Ni kazi ya polepole. Fundi akikuambia ataimaliza kwa siku tatu, mtafute mwingine.

12. Boriti za dari zimeoza. Tuziondoe tumimine zege?

Usifanye hivyo kabla ya mhandisi aliyesajiliwa kuzitazama kuta. Sakafu ya zege ni nzito, na ukuta wa matumbawe ulijengwa kubeba boriti na chokaa. Wengi wamemimina zege juu na mwaka uliofuata ukuta wa chini umetoka tumbo.

Boriti za mikoko ndizo zilizopanga upana wa vyumba vyetu: zina urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Kubadilisha boriti moja moja, iliyooza kwa nzima, ni kazi ya kawaida. Mikoko ni misitu inayolindwa, kwa hiyo nunua yenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, au tumia mbao ngumu iliyotiwa dawa ya mchwa.

Na wakati wa kazi, jengo liegemezwe vizuri kwa nguzo. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kila fundi wa pwani aikumbuke siku hiyo.

13. Ghorofa letu si la matumbawe, ni la zege la miaka ya 1950. Nondo zimetokeza nje.

Hewa ya chumvi imefika kwenye chuma, chuma kimeota kutu, kutu imevimba na kupasua zege. Kuziba kwa saruji juu ni kuficha jeraha. Zege bovu ligongwe litoke, nondo zisafishwe mpaka ziwe nyeupe, zipakwe dawa ya kuzuia kutu, ndipo zege jipya lirudishwe. Kazi hii iongozwe na mhandisi.

Ikiwa paa ni la asibesto, na mengi ya wakati huo ni hivyo, usilikate kwa msumeno wala kulivunja kwa nyundo. Vumbi lake linaharibu mapafu. Uliza Baraza la Mazingira (NEMC) utaratibu wa kuliondoa na kulizika.

14. Kuna mtu anataka kununua mlango wetu wa nakshi. Tumuuzie?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya 1940. Kuziuza au kuzisafirisha bila kibali ni kosa. Na mimi nakuomba, hata pasipokuwa na sheria: nyumba iliyong'olewa mlango hukaa wazi, na nyumba iliyo wazi haimalizi mwaka.

## Itumike kwa kazi gani?

15. Ni matumizi gani yanayofaa Tanga kweli, si kwenye makaratasi?

Nimeona yanayodumu yana sifa moja: yanaleta watu kila siku na hayahitaji kuvunja kuta. Makazi ya wanafunzi wa vyuo yanafaa sana kwa ghorofa za juu, kwa kuwa vyumba vyembamba vya boriti vinatosha kitanda na meza, na mwanafunzi anafika kokote kwa baiskeli. Karakana za cherehani zinataka mwanga wa madirisha makubwa, nayo yapo. Zahanati, ofisi za mawakili, kituo cha kulea watoto, kumbi ndogo za shughuli, duka la dawa chini na chumba cha daktari juu. Mafundi seremala na wachongaji waliobanwa kando ya barabara wangefurahia ua wa ndani wenye kivuli.

Mfano uko karibu. Boma la zamani la Wajerumani, lililokuwa limechakaa, leo ni makumbusho ya Urithi Tanga, na watoto wa shule wanaingia kuona picha za reli na mkonge. Jengo hilo halikubadilishwa liwe kitu kigeni. Lilitengenezwa paa, likafagiliwa, likafunguliwa.

Kama unasitasita, anza na chumba kimoja cha chini kinachotazama barabara. Mama lishe mmoja anayewasha jiko alfajiri analinda jengo kuliko mlinzi wa usiku, na kodi yake ya miezi sita inanunua bando za kwanza za mabati.

16. Kila ninayemwomba ushauri ananiambia hoteli. Ni sawa?

Hoteli inataka bafu kila chumba. Bafu ni mabomba, na mabomba yanayovuja ndani ya ukuta wa matumbawe ni yale ya swali la 11, mara kumi. Inataka pia wageni, na wageni wa Tanga bado ni wachache na wa msimu. Mwenye mtaji mkubwa na subira aijaribu. Mwenye akiba ya mkonge wa baba yake asianzie huko.

17. Inawezekana kutumia jengo kwa muda bila kulinunua, na mwenyewe asipoteze haki?

Inawezekana, na natamani tulijaribu zaidi. Mjini Leipzig, Ujerumani, baada ya muungano wa Ujerumani mbili wa 1990 watu waliondoka kwa wingi, na kufikia mwaka 2000 palikuwa na nyumba tupu zipatazo 60,000. Mwaka 2004 wakazi walianzisha chama cha HausHalten na mpango wa nyumba za walinzi: mwenye jengo anarudisha maji na umeme, watumiaji wanaingia bila kodi kwa miaka mitano hivi, wanalipa gharama za matumizi yao na kulitunza. Mwenyewe anabaki mwenyewe. Jengo linapata pumzi.

Kwetu mkataba wa namna hiyo uandikwe na wakili na utaje mambo haya bila kuyaacha: muda na tarehe ya kutoka, nani anatengeneza nini, kwamba matengenezo hayampi mtumiaji umiliki, picha za jengo siku ya kuingia, na deni la mita ya umeme lililokuwepo. Hilo la mwisho watu hulisahau. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na jengo lililokaa bila kununua umeme humpokea mpangaji mpya na malimbikizo.

Nawe mtumiaji ujue jambo moja ambalo Leipzig wamelionja: mji ulipoanza kukua tena kodi zilipanda, na wengi waliotunza nyumba hizo ilibidi watoke. Omba kwenye mkataba haki ya kuulizwa kwanza kabla jengo halijapangishwa kwa mwingine.

18. Na magodauni na viwanda vilivyokufa?

Hivi vina paa pana, nguzo za chuma na sakafu ya kubeba mzigo, kwa hiyo vinakubali karibu kila kitu. Leipzig huko huko, kiwanda cha pamba cha Spinnerei kilichoanzishwa 1884 sasa ni karakana za wachoraji na mafundi. Kwa Tanga ningetazama kwanza mazao: kukausha na kufunga viungo na matunda kutoka Muheza na Lushoto, samaki, maziwa, hata mkonge wenyewe, ambao soko lake limeanza kurudi.

Vipimwe kwanza, hasa vilivyokuwa na kemikali. Na msikate tamaa kwa sababu ya muda: stesheni kuu ya reli ya Detroit ilifungwa 1988, kampuni ya Ford ikainunua 2018, na ikafunguliwa tena 2024. Miaka 36. Lakini zingatieni kwamba aliyeiokoa ni kampuni kubwa ya magari. Sisi tusio na Ford tunahitaji kugawa godauni vipande na kuanza na upande usiovuja.

19. Vibali gani vinahitajika?

Kama hati inasema makazi na wewe unataka biashara, omba kubadili matumizi kwenye ofisi ya mipango miji ya Jiji. Tangazo hutolewa ili majirani waseme neno. Kisha kibali cha ujenzi kwa michoro ya msanifu aliyesajiliwa, ukaguzi wa Zimamoto, na wakala wa usalama na afya kazini (OSHA) ukiajiri watu. Jengo la kale liongezee barua ya idara ya Mambo ya Kale. Fuata mpangilio huo. Anayeanza na michoro kabla ya matumizi kukubaliwa hulipia michoro mara mbili.

20. Fedha nitapata wapi?

Benki hukopesha hati safi, kwa hiyo swali la 7 ndilo la fedha pia. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni kodi ya miezi kadhaa kutoka kwa mpangaji anayejua inakwenda kwenye paa, pamoja na mchango wa ndugu. Vyuo vya ufundi wakati mwingine hupenda kuleta wanafunzi kujifunza kwa vitendo. Gharama ya mafundi inapungua na wao wanaondoka na ujuzi wa chokaa, ambao unazikwa na wazee.

## Yasiyo ya kawaida

21. Kuna watu wanalala ndani ya jengo letu. Tuwatoe?

Zungumza nao kabla ya kwenda polisi. Mara nyingi ni makuli au vijana waliotoka vijijini, nao ndio waliozuia watu wasing'oe nyaya na madirisha. Mpe mmoja kazi ya ulinzi na chumba kwa maandishi, mkubaliane na wengine tarehe ya kuondoka. Wasiokubali, mwenyekiti wa mtaa na mahakama wapo.

22. Watu wanasema jengo lina majini. Nani atapanga?

Naulizwa hili karibu kila jengo lililofungwa zaidi ya miaka kumi, na silidharau, kwa kuwa anayeogopa hapangi. Fungua madirisha yote. Ondoa popo na samadi yake, ukijifunika pua na mdomo maana vumbi lake linaumiza kifua. Kisha alika wazee wa mtaa na majirani, isomwe hitma, upikwe ubwabwa, watoto wakimbie ngazini. Nyumba niliyoshiriki kufungua hivyo ilipata mpangaji wiki iliyofuata, na alikuwa mmoja wa waliokula pale.

23. Kwa nini tuhangaikie majengo ya wakoloni?

Waliobeba mawe yale ni babu zetu, wengi wao bila hiari. Kulibomoa jengo hakumlipi aliyelibeba. Kulitumia kwa zahanati ya wajukuu wake kunamfaidi mtu. Na ukweli wa jinsi lilivyojengwa uandikwe ukutani, watoto wausome.

24. Mhandisi amesema haliokoleki. Tubomoe?

Zungushieni uzio kwanza, muwatoe wenye meza za biashara chini ya ukuta siku hiyo hiyo, na mwarifu Jiji kwa barua. Pigeni picha kila chumba, mpime urefu na upana, mchore hata kwa mkono. Kisha omba kibali cha kubomoa, na kama jengo ni la kale Mambo ya Kale waulizwe kabla.

Bomoeni kwa mikono, kutoka juu. Boriti nzima, mbao za madirisha, vigae na bawaba za shaba vitafaa nyumba ya jirani. Mawe ya matumbawe hayapatikani tena kirahisi, na ukuta wa jengo lingine mtaa huohuo unayahitaji. Milango ihifadhiwe mahali penye paa, ikiwa na alama ya nyumba ilikotoka. Tingatinga liitwe baada ya hapo, kwa kifusi kilichobaki.